JINO LA KUTU

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Ndugu msomaji, kama ulizaliwa Kisumu au Mombasa au kwingineko ambako maji hayana hila, pengine hutaelewa kwa nini mwanafunzi anaweza kukaa shule moja miaka minne bila kucheka kinywa wazi. Lakini wenzangu mliotoka Gilgil, Njoro, Elmenteita na viunga vya Nakuru mtanielewa kabla sijaimaliza sentensi hii. Meno yetu ni ya kahawia.

Yangu mimi yalizidi. Jina la "Kutu" nilibandikwa nikiwa darasa la nne na kijana mmoja mgeni aliyeniuliza mbele ya darasa zima, "Wee, kwani umekula misumari?" Darasa likaangua kicheko, na jina likanifuata mpaka shule hii ya upili, sijui lilipanda matatu gani. Mwalimu mlezi wa chama chetu atakumbuka kwamba nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilikataa katakata kughani shairi kwenye gwaride. Nilisingizia koo. Koo langu halikuwa na neno. Shida ni kwamba vina vya shairi lile viliishia kwa "i", na huwezi kuitamka "i" bila kuyaanika meno yote hadharani. Jaribu uone.

Nyumbani nako vita vilikuwa na baba. Baba yangu alizaliwa na kulelewa Nyeri, akahamia upande huu wa Elmenteita akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei akitafuta kazi. Meno yake ni meupe pe. Kwake yeye jambo hili lilikuwa wazi kama mchana. "Mimi nakunywa maji ya kisima hiki hiki," angesema, "nakula ugali huu huu, mbona yangu hayajageuka rangi? Wewe hupigi mswaki, kijana. Ni uvivu tu!" Nami nilipiga mswaki mpaka ufizi ukatiririka damu. Nilisugua kwa makaa yaliyosagwa, kwa jivu, kwa chumvi, kwa ndimu, na siku moja (usicheke tafadhali) kwa ile waya ya kusugulia sufuria. Lo! Niliambulia maumivu tu. Mama, ambaye ni mzaliwa wa papa hapa, hakuwahi kutia neno katika mabishano hayo. Alikuwa na desturi ya kucheka akiwa amejiziba kinywa kwa ncha ya leso, nami kwa ujinga wangu nilidhani ni haya za kike.

Basi Desemba 2021 nilikuwa nikitafuna hindi la kuchoma, ghafla bin vuu, nikasikia kitu kikilia "ka!" Haikuwa punje. Lilikuwa gego langu la chini limepasuka kama chungu. Usiku ule sikulala. Kesho yake nilipelekwa kung'olewa, na aliyenisindikiza ni binamu yangu, binti wa shangazi, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Ujerumani anakosomea. Daktari alipolivuta jino na kutaka kulitupa, binamu yangu aliruka kama aliyeona noti ya elfu ikipeperushwa na upepo.

"Daktari, tafadhali, naweza kulichukua?" Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, utaniruhusu?"

Mdomo wangu ulikuwa umekufa ganzi, kwa hivyo niliitikia kwa kichwa. Nilidhani masomo yamemzidi akili. Alitoa kichupa chenye spiriti, akalitumbukiza jino, na nyumbani akamfanya hata baba atie sahihi karatasi ya kukubali. Baba alitia sahihi shingo upande, akinung'unika kwamba sasa uchafu wetu utasafiri kwa ndege.

Kazi ya binamu yangu, kama alivyotueleza usiku ule, ni kulea seli za mifupa maabarani. Huzilea juu ya vipande vya chuma kiitwacho titani, ambavyo vimepakwa madini yale yale yaliyomo ndani ya mifupa na meno yetu, madini ya apatiti. Uso wa vipande hivyo una vijinundu na vijishimo vya kupimwa kwa nanomita, na katika milimita moja mna nanomita milioni moja. Mgonjwa anapowekewa nyonga ya bandia, ama jino la bandia lililochimbiwa kwenye taya, seli za mfupa lazima zikikubali kitu hicho, zikishike na kujenga juu yake. Zisipokishika, kitalegea. Yeye basi huzipiga seli picha ili ajue ni uso wa namna gani zinaoupenda. Niliuliza, "Si utumie tu hadubini?" Akatabasamu, akaniambia nitajua nikifika shule ya upili.

Nilijua muhula wa pili mwaka wa 2022. Tulizuru Kariandusi, pale kando ya barabara ya Nakuru ambapo Louis Leakey alichimba mwishoni mwa miaka ya 1920 akapata mashoka ya mawe ya watu wa kale. Jirani na hapo kuna machimbo ya mawe meupe mepesi, daiatomaiti, yanayosagika vidoleni mithili ya unga wa ngano. Nilirudi na unga kidogo ndani ya karatasi ya daftari. Mwalimu wetu wa biolojia alitusaidia kuuweka chini ya hadubini ya maabara, tukaukuza mara 400. Masalaale! Unga ule ulikuwa si unga. Ulikuwa vijiti, visahani na mitumbwi, yote ya kioo! Mwalimu akatuambia kwamba hayo ni makasha ya mimea midogo ya seli moja moja iliyoishi katika ziwa la kale, na kwamba kuta zake zimetobolewa vitundu kwa safu, nadhifu kuliko kazi ya fundi yeyote. Safu chache niliziona. Vile vitundu vidogo zaidi havikuonekana ng'o.

"Hata ukikodoa macho mpaka yakudondoke," mwalimu alisema, "hutaviona. Kosa si la macho yako wala la hadubini yetu. Kosa ni la mwanga."

Alitueleza hivi. Mwanga husafiri kwa mawimbi, na mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700. Vitu viwili vikikaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi, mwanga wa hadubini ya kawaida huviona kuwa kitu kimoja. Ni kama kupapasa maandishi ya sarafu ukiwa umevaa glavu za bondia: sarafu utaijua, lakini shilingi ngapi hutajua. Mtu akitaka kuona vilivyo vidogo zaidi, budi avue glavu, yaani aache mwanga kabisa. Kengele ikalia, tukaenda kula maharagwe.

Hayawi hayawi huwa. Desemba 2022 binamu yangu alirudi tena, safari hii na bahasha kubwa ya kaki. Tulikuwa jikoni. Mama alikuwa akiambua minji, mdogo wangu wa kike, wakati huo akiwa na miaka mitatu, akila nusu ya kile mama alichoambua, na baba akihangaika na redio yake. Moyo ulinidunda ja ngoma. Kabla ya kuitoa picha ya jino, binamu yangu alitoa kwanza picha za kazi yake, maana, alisema, bila hizo hatutaelewa ya pili.

Picha ya kwanza ilikuwa ya seli moja ya mfupa imekaa juu ya apatiti. Nilitarajia kuona kiduara kama tunavyochora daftarini. Wapi! Ilikuwa imejitandaza kama hema la kichungaji siku ya upepo, na kutoka ukingoni mwake zimetoka kamba nyembamba, kila moja imeshika kijinundu chake. Kamba hizo ni nyuzi za seli yenyewe. Inapapasa nazo, inashika, inavuta, ikipaona pazuri inahamia. Binamu yangu alisema kwamba akibadilisha tu ukubwa wa vijinundu, seli hubadili jinsi inavyokaa. Kumbe hata seli ina mahali inapopenda na inapopachukia!

"Sasa umepigaje picha hii bila mwanga?" nikamuuliza.

Kwa elektroni, alinijibu. Mwaka wa 1931 huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza hadubini ya kwanza inayotumia elektroni badala ya mwanga, na lenzi zake si vioo bali ni koili za sumaku zinazoupinda mwale wa elektroni. Ruska alisubiri mpaka 1986 ndipo akapewa Tuzo ya Nobel, na kama wewe ni mtu wa kulalamika matokeo ya mtihani yamechelewa, hesabu miaka hiyo. Elektroni nazo zina mawimbi, lakini mafupi kuliko ya mwanga mara maelfu kwa maelfu. Aina anayotumia binamu yangu ilianza kuuzwa mwaka wa 1965, baada ya kazi ya Charles Oatley na wanafunzi wake kule Cambridge. Mwale mwembamba hupita juu ya kitu mstari kwa mstari, kama mtu anayelima shamba kwa jembe la ng'ombe, na kila unapogusa, elektroni nyingine hutimuliwa kutoka katika kitu chenyewe. Mashine huzihesabu. Zikiwa nyingi, doa linang'aa. Zikiwa chache, doa ni jeusi. Doa kwa doa, picha inatokea.

Ila kuna taabu, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu binamu yangu. Elektroni hazivumilii hewa, hugongana nayo zikatawanyika, kwa hivyo ndani ya mashine hewa yote lazima inyonywe, libaki ombwe tupu. Seli nayo ni kama kifuko cha maji. Itie ndani ya ombwe ikiwa hai na maji yatachemka, kifuko kitapasuka. Ianike juani kwanza na itanywea kama pilipili hoho iliyosahauliwa juu ya paa. Sasa utaipigaje picha ikiwa na umbo lake?

Kwanza huigandisha kila kitu mahali pake kwa dawa iitwayo glutaraldehaidi, ndugu wa formalini, inayozifunga protini za seli zisisogee. Kisha huyatoa maji polepole kwa kuyabadilisha na spiriti: asilimia 30, halafu 50, 70, 90, hatimaye 100. Ukiruka hatua kwa haraka zako, seli hukunjamana. Hata hapo spiriti haiachwi ikauke yenyewe, kwa sababu kioevu kinapokauka uso wake huvuta, ule ule mvuto unaomwezesha mdudu kutembea juu ya kidimbwi, na zile kamba nyembamba zote zingelala chini. Hivyo spiriti hubadilishwa na kaboni-daioksaidi iliyoshinikizwa hadi ikawa kioevu, kisha ikapashwa moto kidogo kupita nyuzi 31 za Selsiasi chini ya shinikizo linalozidi la hewa yetu mara 70. Hapo, ndugu msomaji, kioevu na gesi havina tena mpaka kati yao. Hakuna uso, kwa hivyo hakuna mvuto. Gesi huachiliwa taratibu na seli hubaki imesimama wima kana kwamba haijui kilichotokea.

Mwisho hupakwa dhahabu. Naam, dhahabu! Utando wa nanomita kama kumi tu, kwa sababu seli na apatiti haziupitishi umeme, na elektroni zikirundikana juu yake picha huharibika kwa mng'ao. Mama aliposikia dhahabu aliacha minji.

"Kwa hivyo jino la mtoto wangu limepakwa dhahabu?"

"Kipande chake, ndiyo." Na hapo ndipo akaitoa picha yenyewe.

Alikuwa amelikata jino kwa msumeno wa almasi, akaling'arisha, akaligusa na asidi dhaifu kwa sekunde chache ili maumbile yajitokeze. Aliweka picha mbili kando kwa kando. Ya kushoto ilikuwa ya jino zima la mtu mwingine. Gamba la nje la jino, enameli, lilionekana kama matita ya kuni yaliyobanwa barabara, kila tita likiwa na upana wa mikromita tano hivi, na ndani ya kila tita fuwele za apatiti kwa maelfu, nyembamba ajabu, zimelala upande mmoja. Ya kulia ilikuwa yangu. Uso wa juu kabisa ulikuwa umekaza. Chini yake, mapengo. Matita hayakujaa. Lilikuwa kama andazi: nje gumu, ndani vitundu. Pale hindi lilipobanja uso, shimo lilikuwa wazi na ndani yake bakteria wameketi kwa mnyororo kama shanga za mviringo.

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kuna kitu kilinisumbua na sikukijua mara moja. Halafu nikakijua. Haikuwa na kahawia. Ilikuwa nyeusi, nyeupe na kijivu.

Baba, ambaye muda wote alijifanya anatafuta stesheni, aliinua kichwa. "Sasa uchafu uko wapi?"

"Uchafu gani, mjomba?"

"Ile rangi."

"Elektroni hazina habari ya rangi. Hizo rangi za picha kama hizi vitabuni hutiwa baadaye. Hapa unaona umbo tu, na umbo linasema jino hili lilijengwa likiwa na mapengo. Rangi ya chai na ya chakula huingia baadaye na kukaa humo ndani. Hakuna mswaki unaofika huko, mjomba. Angelisugua mpaka Yesu arudi."

Jikoni kukawa kimya. Baba hakuwa mtu wa kushindwa kwa goli moja. "Na mimi je? Mimi nanywa maji haya haya!"

Binamu yangu alilitarajia swali hilo. Enameli, alisema, hujengwa na seli maalum jino likiwa bado limefichwa ndani ya ufizi. Seli hizo huweka kwanza protini kama fundi anavyoweka mbao za kushikilia zege, kisha huziondoa na kujaza madini mahali pake. Maji ya kwetu yametoka katika mawe na majivu ya volkeno ya Bonde la Ufa, na yamebeba floraidi. Floraidi kidogo ni nzuri, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ila Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya huku hupita hapo mara kadhaa. Mtoto akinywa floraidi nyingi mno wakati wa ujenzi, protini hubaki zimenasa, madini hayajai. Jino likishatoka nje, seli zile hufa. Hakuna wa kurudi kurekebisha, na hakuna wa kuharibu. Kufikia miaka minane hivi enameli ya meno yote, isipokuwa magego ya mwisho, imeshakwisha kujengwa.

"Wewe yako yalijengwa Nyeri, mjomba. Ulipokuja huku fundi alikuwa ameshaondoka. Ya huyu yalijengwa hapa."

Mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Na yangu?"

"Na yako, mama."

"Kwa hivyo hata mimi sikuwa mchafu."

Hakuwa akiuliza. Baba aliizima redio akatoka nje, na kwa dirisha nilimwona amesimama kando ya kisima, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kortini.

Hakuniomba msamaha, na wazee wetu mnawajua. Lakini kesho yake alidamka alfajiri akaenda Gilgil kuuliza bei ya tangi na mifereji ya kuvunia maji ya mvua, kwa kuwa maji ya mvua hayajapita kwenye mawe. Kuyachemsha maji ya kisima, tuliambiwa, hakusaidii. Mvuke huenda zake na floraidi hubaki, hata ikazidi ukali. Kwa miezi ya kiangazi tulipata kichujio cha mkaa wa mifupa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza kazi ya vichujio hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifupa ya ng'ombe huchomwa tanuruni, hupondwa, maji hupitishwa humo. Cucu aligoma siku mbili. "Mimi ninywe supu ya ng'ombe nisiyemjua?" Binamu yangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia jambo ambalo nimelitafakari tangu siku hiyo: mfupa umejengwa kwa apatiti, madini yale yale ya jino, na apatiti huipenda floraidi, huivuta na kuishika. Sasa mfupa wa ng'ombe unaikamata floraidi ndani ya ndoo kabla haijafika kwa mtoto. Ukishiba, hubadilishwa.

Meno yangu yako vilevile. Kuyafunika kwa daktari ni ghali, na karo ina haki ya kwanza. Kipande cha jino chenye dhahabu ninacho ndani ya sanduku langu bwenini, na wale wa Kidato cha Pili wanaopenda kunyemelea masanduku ya watu wajue kwamba dhahabu yenyewe haitoshi kununua hata peremende. Jina la Kutu bado naitwa, nami huitika. Muhula uliopita nilighani shairi mbele ya gwaride, vina vya "i" vyote, na waliocheka walicheka.

Mdogo wangu sasa ana miaka sita. Alikunywa maji ya kisima miaka mitatu ya kwanza, na meno ya mbele huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi michache tu, kwa hivyo hatujui yatatokaje. Juma lililopita jino lake la utoto, lile la chini mbele, limeanza kutikisika. Nikiwa nyumbani hunivuta shati kila jioni, anafumbua kinywa mwaa, nami huchuchumaa na tochi kuchungulia kama kuna ncha yoyote chini yake. Baba husimama nyuma yangu. "Umeona nini?" huniuliza. Bado, humwambia.